Mlima wa Theluji Juu ya Beni: Habari za Njia ya Mutwanga

Mtu aliyelala Beni na aamke mapema, wakati wa kengele ya misa ya kwanza. Kama mvua ilinyesha usiku, atazame upande jua linakotoka. Ng'ambo ya bonde la Semliki ataona kama ukuta mkubwa wa rangi ya samawati, na juu ya ukuta huo, mahali ambapo hakutazamia kuona kitu ila mbingu, ataona weupe. Si wingu. Wingu hutembea, nao weupe ule haujongei. Ndiyo theluji ya Ruwenzori. Lakini asikawie kumwita mwenzake, maana ikipata saa moja na nusu mvuke wa bonde huanza kupanda, na saa tatu mlima umekwisha kutoweka kana kwamba haukuwapo kamwe.

Kutoka Beni mpaka kilele, ukipima moja kwa moja juu ya ramani, ni kilomita kama 45 tu. Kilele kirefu kupita vyote, Margherita, kina mita 5,109, na katika Afrika nzima ni mlima wa tatu, baada ya Kilimanjaro na Kenya. Watu wa Beni na wa Butembo huuona mara nyingi. Waliopata kuukanyaga ni wachache mno, hata baina ya wale waliozaliwa miguuni pake. Ndiyo sababu nataka kueleza habari za njia ile inayopanda kutoka Mutwanga, upande wetu wa Kongo: ilijulikanaje, nani walioipita, na kwa nini imefungwa mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa.

Kwanza jina. Wanande wa Kongo na Wakonjo wa Uganda ni watu wa asili moja. Wenyewe hujiita Wayira. Katika lugha yao theluji ni nzururu, na mlima ni Rwenzururu, yaani mahali pa theluji. Stanley alilisikia jina vinywani mwa watu, akaliandika Ruwenzori, tena akalieleza kwamba maana yake ni mleta-mvua. Maelezo hayo si sawa. Walakini mtu aliyepata kukaa Mutwanga katika mwezi wa kumi hatamcheka sana.

Wazee walisema kwamba huko juu yuko Kitasamba, mwenye mlima, na pamoja naye Nyabibuya, mwenye kuangalia uzazi na watoto. Wengine husema Nzururu, yaani theluji yenyewe, ndiye baba yao. Basi watu waliuogopa mlima, lakini mtu asidhani kwamba hawakuupanda. Wawindaji walipita msitu na mianzi wakafika kwenye miamba ya juu kutafuta pimbi, wakalala mapangoni penye baridi kali. Njia zao zilikuwako kabla ya mgeni yeyote. Na kila mgeni aliyeandika katika kitabu chake kwamba ameifungua njia, mbele yake palikuwa na mtu wa nchi anayekata majani kwa panga, ambaye jina lake halikuandikwa.

Wako wengine waliouona zamani zaidi. Huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba ardhi mwaka 1950 akapata mfupa mdogo uliochorwa mistari kwa mafungu, kama mtu anayehesabu. Umri wake wakadiriwa miaka 20,000 hivi. Siku hizi umewekwa Brussels. Wavuvi wale wa Ishango waliuona mlima huuhuu, tena waliuona mweupe kuliko sisi, kwa maana siku zile nchi ilikuwa na baridi zaidi na barafu ilishuka mabondeni mpaka chini sana. Alama zake zingaliko: vilima virefu vya mawe yaliyosukumwa na barafu, pale ambapo leo pana msitu.

Tena karibu miaka 1,900 iliyopita Ptolemayo wa Alexandria aliandika kwamba mto Nili watoka katika maziwa yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Alizipata habari zile kwa wasafiri wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Kama milima yake ilikuwa Ruwenzori au mingine, wataalamu hubishana mpaka leo, na mimi siwezi kuwaamulia. Walakini kwa maji alisema kweli. Mito inayoshuka upande wetu, Butahu na wenzake, huingia Semliki. Semliki huingia ziwa Albert. Na ziwa Albert hutoa Nili.

Jambo la kustaajabisha ni jinsi mlima ulivyojificha mbele ya Wazungu. Samuel Baker alifika ziwa Albert mwaka 1864, asiseme lolote juu ya theluji. Stanley mwenyewe alipita upande wa mashariki mwaka 1876, akaambiwa kuna mlima mrefu wenye kichwa cheupe, naye hakuona ila mawingu. Emin Pasha alitawala nchi za ziwa Albert miaka mingi. Wote walipita karibu, na mlima umevaa wingu lake.

Hata tarehe 24 Mei 1888 Stanley alikuwa tena karibu na ziwa Albert, akiwa amekwisha kukutana na huyo Emin. Kijana mmoja wa msafara akamwonyesha kwa kidole, akasema kule kuna mlima uliofunikwa na chumvi. Watu wengi wamecheka neno hilo la chumvi. Mimi naona kijana yule alisema vema kabisa. Katika nchi hii, kitu cheupe chenye thamani kilikuwa ni chumvi ya Katwe, ile inayochotwa katika ziwa dogo upande wa kaskazini wa ziwa Edward, na kuchukuliwa mitumbwini na vichwani mpaka kwa Wanande wa milimani. Kama hujapata kuona theluji maishani mwako, uiite nini? Bwana mkubwa alikuwa na darubini na vitabu. Mwenye kuonyesha alikuwa kijana.

Mwaka uliofuata, 1889, msafara wa Stanley ulirudi kwa njia ya bonde la Semliki, chini ya mlima, upande wetu huu. Katika msafara ule walikuwamo Waungwana wa Unguja. Zaidi ya 600 walikuwa wameandikwa kule pwani mwaka 1887, na wengi sana walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa na magonjwa katika msitu wa Ituri. Basi mwezi wa Juni Luteni William Stairs, mzaliwa wa Halifax nchini Kanada, akaondoka na watu kama 40 kwenda kuijaribu theluji. Emin Pasha alianza pamoja naye, lakini hakupanda mbali, akarudi. Stairs na watu wake wakalala usiku mmoja katika baridi, wakafika mita kama 3,250. Hapo wakatazama mbele, wakaona mabonde mengine marefu yamekatiza kati yao na theluji, na chakula hawana. Wakashuka.

Fikiri kidogo juu ya wale 40. Watu wa pwani, waliozoea minazi na jua, wenye nguo moja ya pamba iliyochakaa, wamesimama juu ya matope baridi mahali ambapo pumzi inakuwa fupi. Lugha waliyoitumia kulalamikia baridi ile ndiyo lugha ninayoandikia hapa. Wangwana kama hao, wa misafara na wa biashara, ndio waliopeleka Kiswahili bara, hata katika Kongo wengine hukiita Kingwana mpaka leo. Stairs alikwenda baadaye Katanga, katika ule msafara ambamo mtemi Msiri aliuawa mwaka 1891, naye mwenyewe akafa kwa homa mwaka 1892 alipokuwa akirudi pwani.

Hapa niruhusiwe kwenda kando kidogo. Katika majira yaleyale ya mwaka 1889, mwezi wa Julai, padri kijana wa Milano, jina lake Achille Ratti, alipanda mlima Monte Rosa kwa upande wake wa kuogofya, akalala na wenzake juu ya mwamba mwembamba wasiweze kujinyosha. Padri huyo ndiye aliyekuwa Baba Mtakatifu Pius XI. Mwaka 1923 alimtaja Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima, na mwaka 1934 alipoitenga nchi ya Beni iwe misioni ya peke yake, aliikabidhi kwa Mapadri wa Asumpsioni waliokuwako tangu 1929. Sijui kama alitazama ramani siku ile akauona mlima. Napenda kufikiri kwamba aliutazama.

Turudi. Juni 1891 Emin alikuja tena, safari hii kwa bendera ya Wadachi. Macho yake yalikuwa yamekwisha dhoofika, akabaki kambini katika bonde. Mwenzake, daktari Franz Stuhlmann, ndiye aliyepanda kwa bonde la Butahu, akafika zaidi ya mita 4,000, akaiona barafu karibu mbele yake. Yeye ndiye wa kwanza kuandika vizuri jinsi miti inavyobadilika ngazi kwa ngazi tangu chini mpaka juu. Wachukuzi wake hawakuwa na mavazi ya baridi, hawakuweza kuendelea. Kwa hiyo mgeni wa kwanza aliyekaribia theluji ya Ruwenzori alikuja kwa njia yetu, si kwa njia ya Uganda.

Lakini sifa ya kilele ilikwenda upande wa pili. Mwaka 1906 Luigi wa Savoia, mwana wa nyumba ya kifalme ya Italia, bwana wa Abruzzi, alitoka Uganda na msafara mkubwa, pamoja na viongozi wa milima ya kwao na mpiga picha hodari Vittorio Sella. Tarehe 18 Juni, katika ukungu, walifika chini ya ukingo wa mwisho wa barafu. Kiongozi mmoja akasimama imara, mwenzake akapanda mabegani mwake, akakata vidato, akamvuta bwana wao. Kilele wakakiita Margherita, jina la malkia wa Italia, na cha pili Alexandra, jina la malkia wa Uingereza. Mwaka huohuo wa 1906, upande wa magharibi, Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu walianza misioni ya Beni. Jimbo lilifanya sikukuu ya miaka mia yake mwaka 2006.

Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels wakapatana mipaka. Mstari ukapitishwa juu ya mlima, penye kilele chenyewe cha Margherita. Tangu siku ile Myira wa upande huu ni mtu wa Kongo na ndugu yake wa upande ule ni mtu wa Uganda. Theluji haikuulizwa, nao wenyeji vivyo hivyo.

Halafu milango ikaanza kufungwa. Kwanza ugonjwa: katika miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu wa bonde la Semliki kwa sababu ya malale. Halafu hifadhi ya wanyama. Hifadhi ya Albert iliwekwa mwaka 1925 kwa ajili ya masokwe wa volkano, kisha ikapanuliwa, na kufika 1935 ilikuwa imekwisha kuchukua bonde la Semliki na ubavu wa Ruwenzori. Tangu 1969 inaitwa Virunga. Mimi sisemi kwamba hifadhi ni mbaya. Msitu wa mlima usingalikuwako leo bila yake. Lakini mtu aliyeondolewa bondeni kwa sababu ya mbung'o, akarudi akakuta shamba la babu yake limekuwa la tembo, ana haki ya kuuliza neno, na wajukuu wake wanaliuliza bado.

Wakati wa mabadiliko hayo, mwaka 1932, Wabelgiji walituma msafara wa wataalamu chini ya bwana Xavier de Grunne. Walipita Butahu kama Stuhlmann, wakakusanya majani na mawe, wakapima barafu, wakapanda vilele vya mlima Stanley kutoka magharibi, jambo lisilofanywa kabla yao. Kilele kimoja wakakiita Albert, jina la mfalme wao. Mfalme huyo alipenda milima sana. Alianguka mwambani akafa, katika nchi yake mwenyewe, mwezi wa Februari 1934. Kazi ya msafara ule ndiyo iliyotoa njia tunayoijua, na vibanda vikajengwa ili wapandaji walale mahali pakavu.

Sasa, msomaji, twende tuipite njia hiyo kwa maneno, kama ilivyopitwa na waliobahatika.

Unatoka Beni kwa barabara ya Kasindi, unavuka Semliki, unapinda kushoto kuelekea mlimani. Mutwanga iko katika mita kama 1,200, kati ya migomba, kahawa na kakao, na maji baridi yanapiga kelele kila upande. Zamani palikuwa na hoteli ya wapanda mlima, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Baadaye ikaachwa ikawa magofu. Karibu yake ni Mutsora, kituo cha walinzi wa hifadhi. Hapo mgeni hupata kiongozi na wachukuzi, na desturi ilikuwa chakula cha wote kitolewe naye: unga, maharagwe, samaki wakavu, chumvi, na sigara wasisahauliwe. Asiyetaka kununua vya kutosha alijuta siku ya tatu.

Siku ya kwanza ni mashamba, halafu msitu. Unapita chini ya miti mikubwa, kati ya magugu yenye majani mapana na migomba-mwitu, njia inateleza, mpaka kibanda cha Kalonge katika mita kama 2,100. Usiku wa kwanza mtu hujisifu bado.

Siku ya pili ndiyo inayowanyamazisha watu. Mwanzo ni mianzi, imesimama kama fimbo za zizi, giza mchana. Halafu mianzi inakwisha, na unaingia katika nchi ambayo sijui niifananishe na nini. Kuna majani madogo yale ambayo Ulaya hukua mpaka gotini tu. Hapa yamekuwa miti mirefu, imepindana, na kila tawi limevaa kuvu laini la rangi ya kijani na manjano na nyekundu, na ndevu za kijivu zinaning'inia zikidondosha maji. Ardhi yenyewe si ardhi. Ni mizizi juu ya mizizi, na kati yake mashimo yaliyofunikwa. Mguu ukikosea unazama mpaka pajani. Ndege ni wachache. Unasikia maji tu na pumzi yako. Wachukuzi hupita mahali hapa wamebeba kilo 20 mgongoni, wengine pekupeku katika miaka ile ya zamani, wakizungumza habari za nyumbani. Kibanda cha Mahangu kiko mita kama 3,300.

Siku ya tatu miti inapungua. Panatokea mimea mingine ya ajabu, yenye shina nene kama nguzo na kichwa cha majani kama kabichi kubwa, na mingine iliyosimama kama mishumaa ya Pasaka, mirefu kuliko mtu. Kila usiku baridi huigandisha, kila mchana jua huiyeyusha, na yenyewe imejifunza kufunga majani yake jioni na kuyafungua asubuhi. Kibanda cha Kiondo kiko mita kama 4,200. Hapo kichwa kinauma, chakula hakina ladha, na maji yanachelewa kuiva maharagwe hata mpishi anakata tamaa.

Juu ya Kiondo kuna kilima cha mawe kiitwacho Wusuwameso, zaidi ya mita 4,400. Mwenye kujua Kinande husikia ndani ya jina hilo ameso, yaani macho. Watu wengi hawakwenda mbele zaidi ya hapo, wala hawakuona haya, kwa sababu kwenda vilele vyenyewe kwahitaji kamba na viatu vya chuma na mtu aliyezoea barafu. Wusuwameso si kilele cha kujivunia. Ni mahali pa kutazama. Mbele yako mlima Stanley wote umesimama kwa upande wake wa magharibi, mwamba mweusi na barafu iliyopasuka, na chini yako maziwa madogo yaliyoitwa kwa rangi zake: Jeusi, Kijani, Kijivu. Ukigeuka nyuma, ukungu ukikuhurumia, unaona bonde la Semliki, na ng'ambo yake, mbali, vilima vya Beni. Mtu aliyeutazama mlima tangu utoto kutoka mjini, sasa anautazama mji kutoka mlimani. Watu huwa kimya hapo. Halafu wingu linapanda kwa haraka ya ajabu na kiongozi anasema tushuke.

Lakini hayo yote ni maneno ya njia iliyofungwa na vita. Mwaka 1962 upande wa Uganda kulianza harakati ya Rwenzururu, watu wa mlima wakidai mambo yao, nayo iliendelea miaka 20. Upande wetu mlima ukawa maficho ya kila mwenye bunduki. Katika miaka ya 1990 waasi wa ADF kutoka Uganda walijikusanya katika misitu ya Ruwenzori na ya Semliki, na mwezi wa Novemba 1996 walivuka wakashambulia Mpondwe. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya watu wa Beni yamejulikana dunia nzima. Na mwishoni mwa 2020 na mwanzo wa 2021 kifo kilifika katika vijiji vya miguuni pa mlima wenyewe, Loselose, Mwenda na vingine, watu wakakimbia wakaacha kakao mitini. Mwaka uleule wa 2020 hifadhi nzima ilifunga milango kwa wageni kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO, kana kwamba mlango mmoja hautoshi.

Mchukuzi wa Mutwanga hakuwa mtu wa anasa. Safari moja ya siku sita ilikuwa karo ya mtoto, au bati za nyumba. Kazi ile ilirithiwa, baba akamfundisha mwana mahali pa kukanyaga. Sasa wazee waliokuwa wakijua njia mpaka penye barafu wanakwisha, na vijana wao wanaijua njia ya mashamba tu, hata hiyo kwa hofu. Yako mambo mema pia. Maji ya mlima yanatoa umeme pale Mutwanga tangu 2013, na kiwanda cha sabuni kimewapa watu kazi. Hayo ni ya kushukuru. Walakini njia iliyosahauliwa haiwashwi kwa umeme.

Tena iko saa nyingine inayokwenda, na hiyo haingoji amani. Mwaka 1906 wataalamu walihesabu mito ya barafu 43 juu ya milima sita ya Ruwenzori, na ukubwa wake pamoja ulikuwa karibu kilomita za mraba 7. Mwaka 2003 ilibaki karibu kilomita 1 tu. Milima Emin, Gessi na Luigi wa Savoia imekwisha kuwa mawe matupu. Iliyobaki na barafu mwanzoni mwa karne hii ni Stanley, Speke na Baker, nayo inapungua bado. Picha za Sella ni ushuhuda: mtu akizishika mkononi akasimama mahali palepale aliposimama mpiga picha, haamini kwamba ni mlima mmoja. Sababu yake ni joto la dunia lililoongezeka, na joto hilo halikutoka katika moshi wa majiko ya Mutwanga.

Wengine huogopa kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Waliopima upande wa Uganda wanasema sivyo: maji ya barafu ni sehemu ndogo kabisa ya mito, na sehemu kubwa hutoka katika mvua inayoshikwa na ule msitu wa kuvu, na vinamasi, na mianzi. Basi mwenye kukata msitu ataidhuru Butahu kuliko kuyeyuka kwa theluji yote. Lakini kuna hasara isiyopimwa kwa lita. Neno nzururu litabaki katika lugha, na mtoto atauliza ni kitu gani, na mama yake atamwonyesha mwamba mweusi.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa Beni na pande za karibu, msingoje mpaka njia ifunguliwe. Miezi mizuri ni tangu mwisho wa Desemba mpaka Februari, tena Juni na Julai. Siku iliyofuata mvua ya usiku ndiyo bora. Ondokeni nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo, mpande mahali palipoinuka, mkaangalie mashariki. Na kama kuna mzee wa Mutwanga aliyekimbilia mjini karibu yenu, mchukueni aende pamoja nanyi, awaonyeshe kwa kidole Kalonge iko wapi, na Mahangu, na Kiondo.